Michungwa ya Kisimani

3 Machi
Mwanangu wa hadubini na maabara,
Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mimi mzima, ni goti tu linanisumbua. Wewe unakula vizuri huko?
Bwana shamba kaja, kaokota wadudu kwenye michungwa yangu, kasema ni wale wageni wanaoleta ugonjwa usio na dawa. Anataka shamba lote likatwe! Mimi nasema ni wetu wa siku zote. Nakutumia hawa, wapime, umuumbue.
Shangazi yako

11 Machi
Shikamoo shangazi,
Mimi sijambo, nakula mpaka nguo zinanibana. Pole na goti.
Aina hizo mbili hata mimi kwa macho sizitofautishi. Ukubwa nao hausemi kitu, mdudu aliyeshiba huwa mkubwa. Kwa hiyo napiga picha ya bawa, naweka nukta pale mishipa inapokutana, kisha napima umbali kutoka nukta hadi nukta. Umbo la bawa ndilo linalotaja ukoo.
Lakini shangazi jamani! Umewamwaga wote kwenye kichupa kimoja! Wenyeji wamo, na wageni wamo. Nitajuaje nani katoka mti gani? Rudia, kila mstari wa miti na kichupa chake. Bwana shamba amekubali kusubiri.
Mwanao

20 Machi
Mwanangu,
Salamu na mapenzi. Goti limetulia, roho ndiyo haijatulia.
Vichupa ndivyo hivyo, kila mstari na chake. Mstari wa kisimani aliupanda marehemu mume wangu, unajua. Ikitokea ni huo wenye wageni, andika tu ni wenyeji. Damu nzito kuliko maji.
Shangazi

2 Aprili
Shikamoo shangazi yangu mpenzi,
Natumai u mzima. Ni huo wa kisimani. Nilipima, nikarudia, nikampa na mwenzangu apime bila kumwambia wametoka wapi. Jibu lilelile. Nimelia, sikufichi. Lakini nikidanganya, mwakani utakata shamba zima, na jirani naye la kwake. Mistari mingine ni salama, itabaki. Bwana shamba nimemwandikia ukweli.
Mwanao

29 Mei
Mwanangu,
Mzima wewe? Mimi nipo. Barua zako zote nilizipata, nilikuwa nimenuna.
Bwana shamba alikuja na watu wake na misumeno, wakakuta kazi imekwisha. Ile miti ya kisimani niliikata mwenyewe, nikaichoma palepale. Sikutaka mtu baki aiguse. Nililia mpaka sauti ikakauka. Mistari iliyobaki inachanua, ukiiona utafurahi.
Jana jirani kaniuliza kama hayo majibu ya maabara yanaaminika. Nikamwambia, aliyepima ni mtoto wa kaka yangu, na hata mimi hakunipendelea.
Shangazi yako