Ufunguo wa Kabati la Vitambaa

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu tangu tumzike Mama. Siwezi kutulia. Nimefagia uwanja mara mbili, nimepanga vyombo, nikavipangua. Mwanangu ananifuata kama mkia. "Bibi yuko wapi?" Hajatimiza miaka mitatu, tayari anauliza nisiyoweza kujibu.

Kaka kapita jioni. Jumapili kuna ibada ya kumkumbuka Mama. Wasifu nisome mimi, kitinda mimba, niliyeishi naye. Yeye keshauandika na kuuchapisha. Yaani mimi nilete mdomo tu! Haya.

Jumanne, 4 Machi

Nimeusoma kazini, kati ya shuka na shuka. Nyumba ya wageni imejaa wiki hii, pasi haipoi. Kaka kaandika vizuri. Mama alipenda watu. Mama alisali. Kweli tupu. Kila alfajiri magotini, akitutaja mmoja mmoja, hadi jirani aliyetuibia kuku: "Na huyu, Bwana, umpe kuku wake mwenyewe."

Halafu mstari huu: "Alitunza vitambaa vya meza ya kanisa miaka ishirini, hadi alipoacha kwa maradhi ya mikono."

Nikaunguza foronya. Msimamizi akauliza leo napiga pasi au nachoma mkaa.

Ndivyo Mama mwenyewe alivyotuambia, lakini maradhi gani? Mikono hiyo hiyo ilipiga pasi nepi za mwanangu kila siku! Nikimwambia jua linatosha, anasema mtoto wa watu havai makunyanzi. Mimi nilijua sababu, au nilidhani najua. Aliacha nilipopata mimba bila mume. Nikasema moyoni, ananionea aibu. Siku moja nikamtupia: "Mikono ya mjukuu unayo, ya Mungu huna?" Akacheka. Akachovya vidole kwenye maji, akanyunyizia nepi, akaendelea.

Maneno yale sijui niyaweke wapi sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja mfagiaji wa kanisa, tunayemwita Redio maana habari haikai kwake. Kamletea mtoto ndizi. Nikamuuliza wazi: Mama aliumwa mikono lini?

Kimya. Redio, kimya! Kisha akainuka, akafunga mlango.

Kasema siku Mama alipoacha vitambaa, yeye Redio alikuwa anafuta madirisha ya kanisa. Mzee wa kanisa alimtaka Mama anipeleke mbele ya watu wote, nipige magoti, niombe radhi kwa mimba yangu. Akikataa, arudishe ufunguo wa kabati la vitambaa. Mama akafungua fundo kwenye pindo la kitambaa chake, akautoa ufunguo, akauweka mezani. Akasema: "Wa kupiga pasi hivi mtampata. Huyu mtoto anayekuja, bibi yake ni mimi tu."

Akahamia benchi la nyuma. Na akamwapisha Redio asinifikishie.

"Mama yako peke yake ndiye aliyewahi kunizima," kasema, anacheka na machozi yanamtoka.

Miaka mitatu namnunia! Na yeye ananinyooshea nepi.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka alijua. Alijua siku zote!

Kasema mwezi ujao anafunga ndoa kanisani pale pale, na mzee ni yule yule. "Mdogo wangu, yaliyopita si ndwele."

"Sasa mikono ya Mama iliumwa ndwele gani?"

Hakucheka. Akasema, Mama mwenyewe alinyamaza, wewe nani wa kumsemea? Hilo limenichoma. Nimefua nguo zilizo safi ili nisikae nalo. Ni kweli, Mama hakupenda ugomvi. Tena alinidanganya, yeye aliyetuchapa kwa uongo wa sukari tuliyoiramba!

Lakini uongo ule aliufunga kwa ajili yangu, nisije nikaona haya kumbeba mwanangu mbele za watu. Sioni haya tena. Basi fundo ni langu, naweza kulifungua.

Nimeandika karatasi yangu kwa mkono. Mstari mmoja tu ndio tofauti.

Kaka asipofunga ndoa kwa sababu yangu? Mchumba wake hajanikosea kitu. Nimeichana. Nimeiandika upya.

Jumapili, 9 Machi

Naandikia humu humu kanisani, benchi la nyuma, karibu na mlango. Alipokaa Mama. Kiti kigumu hiki! Hakuwahi kulalamika.

Kitambaa cha meza kule mbele kina mkunjo katikati, nauona hadi huku. Mama asingeweza kusali, angekitazama tu.

Mzee wa kanisa kanipa mkono mlangoni: "Binti yangu, mama yako alikuwa mtakatifu." Nikasema asante. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Kazeeka. Nilitaka kumchukia vizuri, nikashindwa.

Kaka yuko mstari wa mbele na mchumba wake. Anageuka kila mara. Kanionyesha kidole kimoja, yaani karatasi moja, ile yake. Redio kasimama dirishani na ufagio, Jumapili!

Wimbo unaisha. Karatasi zote mbili nilikuwa nazo mapajani, mtoto kazitwaa. Yangu kaitandaza kwenye goti, anaipiga pasi kwa kiganja, taratibu, kama Bibi. Ya kaka kaikalia.

Simwinui.

Wananiita —