Fuvu Kwenye Boksi la Sabuni

Jumanne jioni. Joto la kukausha koo. Mawingu yanapita juu ya mtaa wetu wa Mtendeni bila kudondosha hata tone. Naandika ili nisitoke nje kupiga kelele.

Hadi leo mchana jirani yangu Masanja alikuwa hataki kuzika. Jumamosi mafundi waliokuwa wakimchimbia shimo la choo walikuta mifupa ya mtu. Polisi walikuja, wakaona ni ya zamani mno, wakasema izikwe kwa heshima. Masanja akaliweka fuvu barazani kwenye boksi la sabuni, akawa anawangoja watalii.

Alisema ni zamadamu. Ushahidi wake ulikuwa pengo la pembetatu kwenye meno ya mbele ya juu. "Hapa nyani alikuwa anaanza kuwa mtu," aliwaambia wapita njia, nao wakaitikia kwa vichwa.

Ujinga wenye sauti kubwa.

Nilisoma biolojia hadi kidato cha nne na daftari ninalo. Zamadamu hakuwa na kidevu. Fuvu hili lina kidevu kama changu, na paji limesimama wima. Wala hakuna nyani wa leo aliyegeuka mtu. Sisi na wao tuna asili moja ya mbali sana. Na pengo lile halikuletwa na maumbile. Lilichongwa. Wanyamwezi, kabila letu, walichonga meno kwa urembo. Huenda huyu alikuwa mpagazi wa misafara, akawabebea matajiri pembe za ndovu hadi mwili ukakataa. Leo wajukuu wanamwita nyani.

Nakiri: siku tatu nilikaa kimya, nikiogopa kuitwa mjuaji. Najidharau kwa hilo.

Leo nilivuka barabara. "Masanja, hebu kaitazame picha ya babu yako sebuleni."

"Babu ameingiaje hapa, dada Pili?"

Mkewe ndiye aliyeileta. Babu, kanzu nyeupe, mdomo wazi kidogo, pengo lilelile.

Mmoja wa mafundi wa shimo ni Mzaramo, mtani wetu tangu enzi za misafara. Alicheka akashika mbavu. "Wanyamwezi bwana! Wenzenu tunazika babu zetu, nyie mnawapanga barazani kama nyanya za sokoni!"

Masanja akafunga boksi, akasema tangu mwanzo alikuwa anatania.

Mwongo mkubwa.

Tunazika kesho saa tatu asubuhi. Nimempa kazi moja tu: boksi alibebe mwenyewe, kwa miguu, mchana kweupe, apite mbele ya wote aliowaonyesha.