Kalunguyeye Juu ya Mbegu

Jumamosi, 11 Machi 1995

Nimefanya ujinga. Gaël wa darasa la sayansi aliniomba nimtunzie kalunguyeye wake likizo hii, wao wanakwenda Montreal. Nilitaka kumwambia kwamba Mama hataki hata samaki wa chupani. Mdomo ukagoma. Nikaitikia kwa kichwa — ndiyo! Sasa yumo kabatini kwangu, miiba na yote, ndani ya boksi la viatu vya theluji. Anaitwa Monsieur. Anapumua kama Bibi akipanda ngazi.

Jumatatu, 13 Machi

Zephania, mdogo wangu, kamwona. Kasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba Mama ataniua. Nimemhonga chipsi.

Jumatano, 15 Machi

Nimekamatwa! Natoka kuoga, namkuta Bibi kitandani kwangu, Monsieur mapajani, anamlisha dagaa.

"Elinaza, mgeni kama huyu unamweka na viatu?"

Mara Mama huyo, katoka kazini kwenye nyumba ya wazee anaowatunza, kofia bado kichwani. Nikafumba macho. Halafu nikamsikia anamwuliza Bibi:

"Mama, zile mbegu ulizokuja nazo kwenye soksi ziko wapi?"

Kumbe kwao Singida kalunguyeye akipatikana anawekwa juu ya mbegu kabla ya kupanda, mavuno yawe mengi! Nikauliza, je, mchungaji akisikia? Mama kanikata jicho.

"Huu si ushirikina. Ni kilimo."

Ijumaa, 17 Machi

Mama alimpigia simu rafiki yake Mama Valerian tu. Mmoja! Jioni wamekuja wanawake saba, kila mtu na mfuko wake: maharage, mchicha, maboga. Wote wana vibustani kule karibu na mto. Monsieur kavuka sinia kwa madaha, vigelegele vikapigwa, akajikunja. Mama Valerian kadai juu ya mbegu zake alipita haraka mno, arudishwe.

Walikuwa wanamshika vibaya. Nikawaonyesha — viganja viwili, kutokea chini, taratibu. Nimeongea mbele ya watu saba. Kwa sauti. Mimi!

Jumapili, 19 Machi

Gaël anakuja saa kumi kumchukua. Nimepiga pasi blauzi. Mara mbili.

Saa kumi na robo. Naandika bafuni. Gaël kafika, yuko sebuleni, kapewa chai. Na Monsieur kalala ndani ya kanga ya Mama, na Mama hamtoi! Eti Jepkosgei wa ghorofa ya tatu bado hajaleta mbegu zake za sukumawiki, kijana asubiri hadi Jumamosi.

Nilimnong'oneza, Mama, si wetu.

"Ulimpokea wewe. Mweleze wewe."

Nikakimbilia huku. Namsikia Gaël anamwuliza Bibi kitu, Bibi anacheka. Zephania anagonga mlango.

Sasa Mama anaita: "Elinaza! Njoo umwambie mwenzio!"

Nimwambie nini? Kwamba Monsieur habanduki leo. Kwamba itabidi arudi Jumamosi. Kwamba aje tena hapa, kwetu —

Loo. Aje tena!

Kitana kiko wapi?