Hongera za Tumbo Hili

Jumanne, 3 Juni 2025

Tumerudi kutoka Moshi. Majibu ya kile kinyama walichonikata kupima: saratani ya mfuko wa mayai. Daktari alieleza polepole. Mimi nilikuwa natazama kalenda nyuma yake, hakuna aliyeifunua tangu mwezi wa nne. Dawa za kemo kwanza, upasuaji baadaye. Mume wangu Asheri aliuliza kama nitaruhusiwa kula makande. Katika yote, makande. Nesi akanipa namba ya mama mmoja wa Kihurio aliyepitia hayohayo. Nimeiseva.

Nimepika, nikala. Machozi hayaji. Nimejaribu.

Alhamisi, 5 Juni

Shamba la tangawizi. Wifi yangu Hedwiga kaniona nainuka kwa shida, akacheka kwa furaha. Anasema tumbo limechongoka hivi, ni mtoto wa kiume — mwanangu Brightness yuko kidato cha pili na mimi nawaletea mwingine! Nikasema tutaona.

Jioni nikamwambia Asheri. Akasema tuwaache wafikiri hivyo kwanza, tupumue. Sikubisha. Yeye lile neno hajalitaja tangu Moshi. Anasema "ile hali".

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Wanakwaya wenzangu wameniletea kiti, eti nisisimame. Mchungaji akaombea kina mama wajawazito, watu wakageuka kunitazama. Nikasema amina. Sikuona aibu, wala hasira. Kama nasikiliza habari za mtu mwingine.

Nje wakanishika tumbo, mmoja baada ya mwingine. Hongera, hongera. Kuna mkono mmoja ulikuwa wa moto. Nilitamani asiutoe.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia yule mama wa Kihurio. Anaitwa Mwanakheri. Shikamoo, marahaba — halafu nikakwama. Hakuniharakisha. Nikamsikia anafukuza ndege kwenye mpunga. Kisha akauliza kama maji ya tumboni yananibana pumzi nikilala. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Alipasuliwa, akapata kemo, nywele zikarudi nyeupe. Bado anaenda kliniki, na kila akienda anaogopa. Hakuniambia nitapona. Akauliza nani anajua. Nikasema mume wangu tu.

"Mmoja hatoshi, mdogo wangu. Kemo ikikulaza, nani atakuogesha?"

 Nikamweleza habari ya mimba wanayoidhani.  Akasema Jumamosi anapanda mlima kuja kwetu Myamba.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna jipya. Nimelala mchana.

Jumamosi, 14 Juni

Kemo ya kwanza ni Jumatatu. Mwanakheri amekuja kweli, mwembamba, amebeba mchele kwenye kiroba. Asheri alimtazama mpaka nikaona haya. Akamuuliza kama mpunga analima mwenyewe. Akajibu ndiyo, mwenyewe. Asheri akaomba amsimulie ugonjwa wake, tangu mwanzo. Mimi sijawahi kuombwa hivyo. Lakini alisikiliza yote.

Hawajamaliza, Hedwiga kaingia na kina mama wa kwaya. Hatukuwaita. Wameleta shali ya mtoto, ya kufuma, ya njano. Wote wako sebuleni sasa. Mwanakheri aliniuliza chinichini aseme yeye au niseme mwenyewe. Nikasema mwenyewe. Halafu nikaja huku chumbani, eti nabadilisha kanga. Nimekaa kitandani naandika.

Wanacheka. Hedwiga anamuuliza kaka yake jina la mtoto atampa la nani. Asheri hajibu. Anamuuliza tena, wengine wanamtania.



Analia. Asheri — mbele ya wanawake, kwa sauti! Miaka yote hii sijawahi kuisikia sauti hiyo. Mwanakheri anaongea, simpati vizuri. Kiti kimeanguka. Sasa Hedwiga ananiita, si wifi, si Mama Brightness. Ananiita Ernesta. Ernesta, Ernesta, anakuja kwenye korido.

Mlango sikuufunga.