Miguu Iliyonyooshwa Nyuma ya Wodi

Chumba cha wageni, nyuma ya hospitali
Jumapili, alasiri

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama ameniambia umeacha gongo, nikafurahi, kisha akaongeza kwamba umeshaanza kupanda ngazi kukagua bati. Tafadhali Mjomba, waachie vijana bati lao. Na kifua cha mkaza mjomba kimetulia?

Sisi wazima, ila mimi nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha.

Uliuliza kazi iliyonileta huku. Hospitali inajenga wodi mpya ya wazazi kwenye uwanja ulio nyuma ya chumba cha kufulia. Kabla ya msingi, sisi watu wa mambo ya kale huchimba mashimo ya majaribio na kuchekecha udongo. Tukikosa kitu, tunawaachia wajenzi uwanja wao. Mashimo ya mwanzo yalitoa mizizi na vizibo vya soda, nami moyoni nikawa nimeshafunga virago.

Kisha shimo la karibu na ukuta likatoa vipande vya mawe vyenye makali, kazi ya mkono wa mtu wa kale sana, kabla chuma hakijajulikana. Vilikuwa vimelala vilevile vilivyodondoka, na katikati yake palikuwa na michirizi miwili mitupu. Nilipoelewa ninachokiona, nilikaa chini. Ilikuwa miguu, Mjomba. Mtu alikaa pale amenyoosha miguu akichonga jiwe, vipande vikaanguka pembeni, akainuka akaenda zake.

Nikasimamisha katapila. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mdogo wangu, kama unavyojua, ni mkunga wa hospitali hii hii. Wodini kwake wazazi wanalala wawili kitanda kimoja. Alinifuata shimoni.

“Dada, jana mama mmoja kajifungulia kwenye korido. Wewe unalinda mawe?”

“Nipe muda kidogo.”

“Mimi nikupe muda gani? Kawaombe wao, wenye uchungu.”

Tangu siku ile tukawa tunakula meza moja, ananisogezea chumvi bila neno.

Mkuu wangu alitaka uwanja wote uzungushiwe uzio hadi kiangazi kijacho, tuchimbe kwa utulivu. Alikuwa na haki, mahali kama pale ni adimu. Nilizunguka na injinia tukitafuta pa kulisogeza jengo: huku mteremko, huku mitaro ya maji machafu. Mwishowe, kwa kuwa kibali cha kuchimba kina jina langu, nikaamua tutoe kila kitu kabla ya mvua, wajenge. Mkuu alinijibu kwenye simu kwamba nitajuta. Nikamwambia huenda.

Basi tukaanza kupima, kupiga picha na kutia mifukoni kipande kimoja kimoja, kutwa nzima juani. Siku ya mwisho mdogo wangu alitoka zamu akaja na sare yake, akasimama ukingoni. Nikamwonyesha ile miguu. Akavua viatu, akashuka, akachuchumaa.

“Mwanamke?”

“Hatuwezi kujua.”

“Kakaa kama Mama akichambua maharage.” Akapitisha kidole kandokando ya mchirizi. “Mkiviokota hivi, patabaki nini?”

“Hapatabaki kitu.”

Akanishikia mifuko mpaka kipande cha mwisho, na ile miguu ikapotea mbele yetu, ukabaki udongo mtupu.

Jana katapila limeingia. Nilisimama ukutani nikilitazama likipita palepale, na bado sijui kama nilifanya sawa. Mdogo wangu akatoka wodini akaja kusimama nami, bega kwa bega. Kisha mwenzake akamwita dirishani, kulikuwa na mama anasukuma, naye akaondoka mbio.

Nisalimie mkaza mjomba, binamu zangu na yule mkwe wenu mcheshi. Mdogo wangu anakuamkia. Mungu awape afya na usingizi mtulivu, atukutanishe tukiwa na nguvu za kucheka.

Ni mimi bintiye dada yako, nikupendaye sana.