Karatasi ya Goti la Otis

Marekani, mwezi wa tisa

Kwa Baba yangu,

Shikamoo Baba, na Mama naye umpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Mwili wangu ni mzima. Nimefurahi kusikia kwamba presha ya Mama imeshuka na kwamba Bibi kule Momela hatimaye amekubali kuezekewa bati. Je, nyati wameacha kuingia kwenye mahindi yake? Na kahawa ya mteremko wa juu mmeshaichuma, au mnawangoja hao wanunuzi wapya wanaokuja na magari yao? Niandikie hata mambo madogo. Nikiwaza nyumbani akili hutulia kidogo, na siku hizi haitulii.

Barua yako niliipata wiki iliyopita. Niliisoma, nikaiweka, nikasema nitajibu hasira ikipungua. Haijapungua. Kwa hiyo naomba radhi mapema, Baba. Nakuandikia nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo inakuhusu wewe.

Kwanza, acha kuwaambia watu wa Sombetini kwamba mimi ndiye ninayefunga mabao. Nimeshakueleza kwamba huu si mpira wa miguu. Mpira wao umechongoka kama yai, na kuna mtu mmoja anayeurusha. Mbele yake tunainama watu watano wakubwa, na kazi yetu ni kuwazuia wale wa upande wa pili wasimfikie. Hatuushiki mpira wala hatukimbii nao. Tunagongana vifua na vichwa mpaka filimbi ilie, kisha tunainama tena. Nami sikuwa hata katika hao watano. Mwaka wangu wa tatu huu nilikuwa mtu wa akiba. Ndiyo kazi niliyoipata baada ya chuo, kwa sababu ya mabega haya niliyoyatoa kwenu, wala sikuionea aibu.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mwaka huu tuliletewa kocha mpya wa safu yetu. Siku ya kwanza alitukusanya akasema timu ilishindwa mwaka jana kwa sababu safu haina kina. Maana yake ni kwamba nyuma ya wale watano hapakuwa na watu wa kutosha, na katika kazi hii magoti na vifundo vya miguu huharibika kila wiki. Akasema anataka nyuma ya kila mtu awepo mwingine, na nyuma ya huyo awepo mwingine tena, ili mmoja akianguka asionekane kuwa amepungua. Akaita watu kutoka kila upande. Tukawa kumi na sita, na watakaobaki ni tisa. Kila asubuhi tulikuwa tunatazamana kama watu waliopanga foleni ya sukari, kila mmoja akihesabu waliomtangulia.

Katika hao alikuwemo Otis. Huyu nimeshamtaja katika barua zangu. Ni yule Mmarekani mweusi, mkubwa kwangu kwa miaka kumi, aliyenipokea nyumbani kwake mwaka wangu wa kwanza. Mkewe Loretta ndiye aliyenitafutia koti la kunitosha nilipokuwa natetemeka na sweta la mtumba la Mama. Otis ndiye aliyenifundisha jinsi ya kuweka miguu. Kila jioni baada ya chakula tulitoka nyuma ya nyumba, akaniinamisha, akanisukuma, akaniambia, "Eli, nguvu unayo, ila miguu yako bado imelala." Bila yeye ningeshafukuzwa siku nyingi.

Mwezi uliopita, tukiwa jikoni kwake, aliniambia jambo ambalo hata Loretta hakuwa amelijua. Goti lake la kushoto lilikuwa limelegea. Liliumia mwaka jana uwanjani, daktari wa timu akampiga sindano akamrudisha kucheza, na tangu hapo halijapona. Akasema akisukumwa kutokea ndani linateleza. "Nahitaji msimu mmoja tu, kisha naacha," akaniambia. "Usimwambie mtu." Nikamwambia sitasema.

Baba, nilisema.

Nafasi ya akiba upande wa kushoto ilibaki moja, na waliokuwa wakiitazama ni mimi na Otis. Asubuhi ile kocha aliniita pembeni kabla ya mazoezi. Akaniuliza kwa upole, mkono wake begani kwangu, "Wewe ndiye mtu wake wa karibu. Goti lake likoje?"

Ningeweza kusema sijui. Hilo lingetosha. Lakini mtu mkubwa ameniuliza swali, nami tangu utoto mlinifundisha kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa, tena bila kumzungusha. Mdomo ulifunguka kabla sijafikiri. Nikasema, "La kushoto, kwa ndani."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. "Basi mpige hapo," akasema. "Tujue kama bado anafaa."

Akatupanga mimi na Otis uso kwa uso, wengine wakatuzunguka. Mara ya kwanza nilikwenda polepole nikamgusa tu. Kocha akanipigia kelele kwamba kama nimekuja kucheza dansi nirudi Afrika. Otis akaniambia chini chini, "Eli, njoo kweli. Wananiangalia. Ukinionea huruma wataona." Alidhani namhurumia tu, maskini. Hakujua kwamba nimeshaitoa siri yake.

Mara ya pili nilikwenda kweli. Na Baba, sitakudanganya kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nilikwenda kwa ndani, upande wa kushoto, kama nilivyoagizwa. Goti lilitoa mlio ambao sikujua kama mwili wa mtu unaweza kuutoa. Otis alianguka akashika nyasi kwa mikono yote miwili, wala hakupiga kelele. Kelele ingekuwa afadhali.

Kocha akapuliza filimbi. Nilidhani anaita daktari. Alisema, "Sogezeni zoezi." Wenzangu wakasogea hatua kumi mbele, wakajipanga upya, wakaendelea kugongana, na mtu amelala palepale nyuma yao. Baba, hata ng'ombe akianguka mnadani watu husimama wakamtazama.

Nikavua kofia ngumu nikapiga magoti karibu naye. Kocha akaniita, "Eli, rudi kwenye mstari."

"Sirudi," nikasema.

"Rudi. Nafasi ni yako sasa."

"Nimesema sirudi."

Ndipo akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Umefanya nilichokuambia, umefanya vizuri. Usije ukalia sasa."

Otis akageuza kichwa akanitazama. "Ulimwambia?" akaniuliza.

"Nilimwambia."

Hakunitukana. Aligeuzia uso upande mwingine, akabaki hivyo mpaka walipokuja kumbeba. Nilipokwenda hospitali jioni yake, Loretta alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono. Akasema, "Ulikula mezani kwangu, Eli." Kisha akaubamiza mlango.

Baada ya siku tatu waliniita ofisini. Alikuwepo kocha na mtu mwingine mwenye tai ambaye sijawahi kumwona uwanjani. Walinipa kiti na kahawa, wakaniambia jina langu limo katika wale tisa. Kisha wakanisogezea karatasi. Ilikuwa imeshapigwa chapa, ikieleza kwamba mimi nashuhudia kuwa Otis aliniambia goti lake lilikuwa bovu kwa sababu ya ajali ya nyumbani, na kwamba aliwaficha wakubwa wake. Ningetia sahihi, basi matibabu yake yasingekuwa juu ya timu. Angepasuliwa kwa uwezo wake, au angebaki kilema.

Nikawaambia, "Hakusema ajali ya nyumbani. Alisema aliumia hapa hapa uwanjani, na daktari wenu akamrudisha kucheza."

Yule wa tai akatabasamu. "Hayo ni maneno tu. Nenda nayo, uirudishe kesho."

Niliporudi chumbani, barua yako ilikuwa sakafuni chini ya mlango. Baba, unakumbuka uliniandikia nini? Uliandika, "Nasikia unalalamikia kocha wako. Usibishane na wakubwa zako wa kazi. Wakikwambia inama, inama. Wakikupa karatasi, tia sahihi urudi kazini. Mimi nimeishi hivyo na nimewasomesha wote."

Nilikaa kitandani, karatasi yao mkono mmoja na barua yako mkono mwingine, nikacheka kwa uchungu. Sikuweza kutofautisha ni ipi iliyoandikwa na nani.

Umeishi hivyo, Baba? Nilikuwepo mwaka ule kiwanda chenu kilipouzwa. Nilikuwa likizo, nikakuona unapiga pasi shati jeupe kama mtu anayekwenda ubatizo. Walikuiteni mmoja mmoja, wakakupeni karatasi inayosema mnaacha kazi kwa hiari yenu. Kwa hiari! Ulitia sahihi. Mzee Lomayani, jirani yetu, uliyefanya naye kazi kwenye mashine moja, yeye alikataa. Akasema hakuna siku aliyoomba kuacha kazi, na hawezi kuandika uongo juu yake mwenyewe. Nawe ulirudi nyumbani ukatuambia Lomayani ni mkorofi, ana kiburi cha watu wa upande ule wa mlima, tusiende tena kwake. Tukaacha kwenda. Watoto wake tulikuwa tunawapita njiani kama hatuwajui. Sijawahi kukuuliza kwa nini, kwa sababu mkubwa haulizwi. Leo nauliza. Alikukosea nini yule mzee zaidi ya kukataa jambo ambalo wewe uliogopa kulikataa?

Nimeandika hayo, na sitayafuta.

Asubuhi sikuirudisha karatasi yao. Nilinunua daftari, nikaandika ya kwangu. Niliandika yote, Baba, kuanzia sindano ya mwaka jana, maneno ya Otis jikoni, swali la kocha na jibu langu, agizo lake, na pigo langu. Jina langu nililiweka juu na chini. Nikampelekea mtu wa chama cha wachezaji, mzee mmoja mwembamba mwenye miwani mizito. Aliisoma akiwa amesimama, akaivua miwani.

"Unajua hii inakuharibia na wewe?" akaniuliza. "Umekiri kwamba ulimpiga makusudi."

"Ndivyo ilivyokuwa," nikasema.

"Watakuondoa leo hii."

"Waniondoe."

Waliniondoa kabla ya chakula cha mchana. Hawakusema ni kwa ajili ya daftari. Walisema safu imepata watu wenye miguu mepesi zaidi. Vitu vyangu niliviona vimetolewa kabatini, vimetiwa kwenye mfuko mweusi wa takataka, na jina langu tayari limebanduliwa mlangoni. Kocha alipita mbele yangu akiongea na mtu mwingine, hata hakupunguza mwendo. Nilitamani kumshika shati, na wewe unajua mikono yangu ilivyo. Niliichukua ile mikono nikaitumia kubebea mfuko wangu.

Jana yule mzee wa chama alinipigia simu. Timu imekubali kumpasua Otis na kumtibu mpaka apone, maana hawakutaka daftari lile lifike mbele ya hakimu. Kucheza, hatacheza tena. Hata mkutano wa kuagana hawakumfanyia.

Nilikwenda kwake leo asubuhi. Loretta alifungua mlango kidogo. Nikamwambia sikuja kuomba kuingia, nimekuja kusema samahani na kurudisha ufunguo wa nyumba yao walionipa mwaka ule wa kwanza. Aliupokea. Akaniambia, "Otis hataki kukuona." Nikamwambia naelewa. Nilipokuwa nimeshashuka ngazi akaongeza, "Ameisoma uliyoandika. Amesema hakuna ulipojipunguzia kosa." Kisha akafunga, safari hii bila kuubamiza.

Sijui kama siku moja atanisamehe, wala sidhani nina haki ya kumharakisha. Kwa sasa nimepata kazi ya kupakua mizigo kwenye ghala la mbao. Msimamizi wake ni mtu mfupi, na nimeshabishana naye mara moja juu ya kamba iliyochakaa. Alibadilisha kamba.

Msalimie Mama sana, mwambie sweta lake bado ninalo. Msalimie dada Anasia na shemeji, na hongera zao kwa mtoto. Mama Mdogo wa Engutoto umwambie picha alizoomba zinakuja. Mjomba mwinjilisti aniombee, ila asinitangaze kanisani kama mtu aliyefanikiwa wala kama mtu aliyeharibikiwa. Bibi mwambie sijasahau Kimeru. Huwa nakisema peke yangu nikiwa natembea.

Najua barua hii itakuudhi, Baba. Ukikasirika, kasirika kweli, uniandikie kurasa kumi za hasira, nitazisoma zote na nitakujibu kwa heshima. Kitu kimoja tu usinitumie tena, ushauri wa kunyamaza.

Mimi mwanao,
Elirehema