Upande wa Kushoto wa Shemeji

Kwako dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wapwa wangu, na yule mdogo kikohozi kimemwacha. Mimi huku sijambo, ni vidole tu vimechubuka kwa sabuni. Mwandiko utanivumilia, unajua nilipoishia shule.

Uliniuliza kama shemeji bado ananifundisha tenisi. Kila jioni akishawashusha manesi kwa gari la hospitali ananipitia chumba cha kufulia cha hospitali, tunakwenda ule uwanja wa nyuma ya nyumba za madaktari. Wavu una matundu, tumeushona kwa uzi wa magunia. Kupiga kwa kulia nilishika upesi. Kilichonitesa ni bekihendi, yaani mpira ukija kushoto unaupiga kwa mgongo wa mkono. Nilikuwa nazunguka ili niupate kulia, na shemeji anasema nacheza kama bibi harusi anayemkwepa mpiga picha. Akaniambia nigeuze bega mpaka yeye auone mgongo wangu, nikunje goti, halafu nifyatue mkono kama nakung'uta shuka lililoloa. Hapo nikaelewa, maana mashuka ndiyo shule yangu.

Basi mipira ikaanza kwenda. Nikipiga inakata uwanja, inaangukia kushoto kwake, na yeye hairudishi hata mmoja. Ndipo nikakuandikia kwa majivuno kwamba nimemshinda mumeo. Madobi wenzangu wakaja kuangalia, wakamwambia shemeji awe ananiokotea mipira tu. Yeye anacheka, anasema pigo kama lile halirudishiki.

Lakini mimi si msemaji, dada, mimi ni wa kuangalia. Kuna mipira yangu mingine ilikwenda goigoi, mtoto angeirudisha, na yeye hasogei. Anageuka akishausikia umegonga ukuta. Nyumbani nikimwekea kikombe kushoto, anakipapasa. Siku moja nikasimama kushoto kwake makusudi, nikamnyooshea mkono. Hakuupokea. Pigo langu halikuwa na lolote. Jicho ndilo halikuwepo.

Nikamwuliza. Akasema linafifia toka mwaka jana, nisikwambie wewe wala mtu wa kazini, ana watoto wa kusomesha. Nikakubali. Kila asubuhi nikawa nakaa naye mbele garini, kiti cha kushoto, namnong'oneza: baiskeli, mama na mtoto, punguza. Wiki tatu. Jumanne nilichelewa kidogo tu kusema, kioo cha pembeni kikamgusa shati mtu wa mkokoteni. Alitutukana mpaka basi. Manesi nyuma wakacheka.

Sasa lililonifanya niandike. Shemeji atakuletea barua kwamba ametolewa kwenye gari, na kwamba nesi mmoja ndiye aliyemchongea. Nesi hana kosa. Ni mimi, dada. Jumanne ile ile nilikwenda kwa mkuu wa magari, nikasimama mlangoni mpaka akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sijatumwa. Nikasema yote. Shemeji akapelekwa kwa daktari wa macho: la kushoto limekwisha, la kulia zima. Wanasema watamtafutia kazi stoo, lakini mpaka leo ni maneno tu.

Yeye sasa hamsalimii yule nesi. Na mimi kila siku nakula naye nimenyamaza, ananisogezea mboga upande wangu, ananiambia angalau nyumbani hana msaliti. Nimeanza na wewe kwa sababu karatasi hainitazami. Ukinikasirikia una haki, ni mumeo na ni chakula cha wanao. Ila yule mtu wa mkokoteni naye alikuwa na kwake anakokwenda.

Nisalimie wote hapo, na wapwa uwashike vichwa kwa niaba yangu. Shemeji yuko uani anaanika soksi zake. Nikishafunga bahasha natoka kumwambia, kabla hajamaliza.

Ni mimi mdogo wako,
dobi